Uzoefu wangu na mazabodi ya H61 isiyo na jina kwenye kompyuta ya mezani ya kizazi cha tatu

Mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ninayoizungumzia haina jina la kampuni. Boksi lake limeandikwa H61, yaani chipu yake kuu ya Intel, na LGA1155, yaani aina ya soketi ya prosesa, basi. Inauzwa ikiwa mpya, na kazi yake ni moja: kuokoa kompyuta ya mezani ya miaka ya 2011 hadi 2013 ambayo bodi yake imekufa lakini prosesa, ramu na diski bado ni nzima. Kwangu inaendesha mashine ya kuunganishwa kipande kwa kipande, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu, i5-3470, ramu ya DDR3 ya GB 8 na SSD ya SATA. Naipa tatu kwa tano. Inafanya kazi ya ofisi bila kulalamika, ila ina matundu machache, na kuna mambo mawili matatu ambayo muuzaji hatakwambia.

Kabla hujatoa hela, hakikisha kwamba kilichokufa ni bodi. Bodi husingiziwa mengi. Kompyuta ikigoma kuwaka, fundi mwenye haraka atakwambia mazabodi imeungua, kumbe ni pawasaplai, au kijiti cha ramu ambacho miguu yake imeingia kutu, au hata kitufe cha kuwashia kilichochoka.

Anza na pawasaplai. Chomoa plagi kubwa ya pini 24, kisha unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya. Acha diski ya zamani au feni ikiwa imechomekwa, maana pawasaplai isiyo na mzigo hutoa namba nzuri za uongo. Mita iwe kwenye volti za DC. Waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.46. Waya wa zambarau ndio volti 5 za kusubiri, na huo lazima uwe hai hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi plagi iko ukutani na swichi ya nyuma imewashwa. Ukisoma 5 ukiwa peke yake kisha ukaporomoka hadi 3 au 2 mara tu ukichomeka bodi, kuna shoti kwenye bodi, au pawasaplai imechoka kiasi cha kushindwa hata mzigo huo mdogo. Azima nyingine ujaribu ndipo uhukumu.

Pawasaplai ikiwa nzima, toa bodi nje ya kasha na uiweke juu ya boksi la karatasi. Bakiza prosesa, feni yake na spika ndogo ya milio. Ramu toa yote. Iwashe kwa kugusanisha pini mbili za kitufe kwa ncha ya bisibisi. Ikipiga milio ya kulalamikia ramu, bodi iko hai: prosesa inasoma maagizo, BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi) inafanya kazi, na tatizo lako liko kwenye ramu, sloti au skrini. Ikibaki kimya huku feni ikizunguka, ondoa betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu, kwa dakika chache plagi ikiwa nje ya ukuta, irudishe, ujaribu tena. Kimya kikiendelea ndipo bodi au prosesa inashukiwa.

Kipimo kinachofuata ni muhimu kuliko vyote kwa anayetaka kuhamisha prosesa yake kwenye bodi mpya. Zima kila kitu, toa prosesa, weka mita kwenye mlio wa shoti, kisha gusa pini ya volti 12 na pini ya ardhi kwenye tundu dogo la pini 4 lililo karibu na soketi. Mita ikilia, mara nyingi ni mosfeti ya upande wa juu (swichi ya umeme inayolisha prosesa) iliyopasuka kwa ndani. Ubaya wa hitilafu hiyo ni kwamba huenda volti 12 zilipita moja kwa moja hadi kwenye prosesa, ambayo hutakiwa kupata volti 1 na pointi tu. Katika hali hiyo usinunue bodi yoyote kabla prosesa haijajaribiwa kwenye mashine nyingine inayofanya kazi. Usifanye kipimo hiki prosesa ikiwa ndani ukahukumu kwa upande wa volti za prosesa yenyewe, kwani huko upinzani mdogo wa omu chache ni jambo la kawaida na utaua bodi nzima kwa maneno tu.

Wenye kompyuta za HP za kizazi hicho, kama Compaq 8200 Elite au 8300 Elite, wana njia ya mkato: taa ya kitufe huwaka nyekundu na kuhesabu. Mara 2 ni joto kupita kiasi, 3 prosesa haipo, 4 umeme, 5 ramu, 6 kadi ya picha, 7 ni mazabodi, 8 ni BIOS iliyoharibika. Milio hukoma baada ya raundi tano lakini taa huendelea kuhesabu, kwa hiyo usiondoke kwa kudhani imepona.

Je, bodi ya zamani itengenezwe? Inategemea umri wake. Bodi nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi ziliathiriwa na kapasita mbovu zinazovimba kichwa na kuvuja maji ya kahawia, na hizo zinatengenezeka. Unabadilisha kwa kapasita yenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, daraja la nyuzi 105, na ya aina yenye upinzani mdogo wa ndani. Ile ya kawaida iliyotolewa kwenye redio itavimba tena. Mstari wa pembeni mwa kapasita ni upande hasi. Kazi ngumu ni mguu wa ardhi, kwa sababu tabaka za shaba ndani ya bodi hunywa joto lote. Pasi ya kulehemu ya wati 25 itakuangusha, tumia ya wati 60 na uongeze risasi mpya kwenye kiungo cha zamani ndipo iyeyuke.

Ila bodi za kuanzia 2011 nyingi zina kapasita za polima, vile vikopo vya bati visivyo na msalaba kichwani, na hizo hufa kwa nadra. Kinachoziua huku kwetu ni umeme unaorudi kwa kishindo, radi inayopitia waya wa intaneti na kuunguza chipu ya mtandao, na kwa wa pwani, chumvi ya hewani inayoota ukijani kwenye miguu ya chipu. Ukijani ukiwa mdogo, mswaki na pombe ya isopropili ya asilimia 99 huweza kuirudisha bodi. Thina achana nayo, inakula plastiki za sloti. Sanitaiza ya mikono pia hapana, ile jeli yake inabaki. Chipu ya mtandao ikiwa imeungua lakini kompyuta inawaka, huhitaji bodi: chomeka kadi ya mtandao ya PCIe au ya USB uendelee na maisha. Mosfeti na chipu za BIOS hubadilishika pia kwa fundi mwenye mashine ya hewa moto, na kama unaye wa karibu na wa kuaminika, muulize bei kwanza.

Sasa tuje kwenye mtego uliowatia hasara wengi. Bodi hii ya H61 ni ya mfumo wa kawaida wa ATX: plagi ya pini 24 na ya pini 4. Kompyuta za kampuni zilizoingia kama mtumba si zote za mfumo huo. Pawasaplai ya HP 8200 na 8300 Elite ina plagi za pini 6 na hutoa volti 12 tu. Volti 5 na 3.3 hutengenezwa kwenye bodi yenyewe. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 za Dell nazo hutumia plagi ya pini 8 badala ya 24, na isitoshe prosesa zake ni za soketi LGA1150, haziingii hapa kabisa. Kwa HP hizo, bodi hii inakulazimisha kununua pawasaplai mpya, na mara nyingi kasha jipya pia, maana matundu ya nyuma yamekatwa kwenye bati kufuata bodi yake ya asili na plagi ya kitufe cha mbele ni ya kipekee. Waya za kubadilishia zinazouzwa zinageuza pawasaplai ya kawaida ili iendeshe bodi ya HP. Hazigeuzi kinyume chake. Mwenye HP au Dell ya namna hiyo atafute bodi ya modeli ileile iliyotolewa kwenye mashine nyingine, hata kama ni ya mtumba. Inaingia kwenye skrubu zilezile na pawasaplai ileile, na jioni umeshamaliza.

Kwa hiyo bodi ya H61 inamfaa mwenye kompyuta ya kuunganishwa, au ya kampuni yenye pini 24 na kasha linalokubali bodi ya kawaida. Kipimo changu cha bei ni hiki: ikizidi theluthi ya bei ya kompyuta nzima ya mtumba ya kizazi hichohicho, acha. Utakuwa unalipia bodi kwa bei ya kuipatia prosesa ya zamani heshima isiyostahili.

Ndani ya boksi kuna bodi ya upana wa sentimita 17 kwa 19, bamba la nyuma, waya mmoja wa SATA na diski ya draiva ambayo hutaitumia. Bodi ina sloti mbili za ramu za DDR3 hadi GB 16, sloti moja ya PCIe x16 na moja ya x1, SATA nne, sloti ya M.2 ya SSD nyembamba, VGA na HDMI. Chipu ya H61 yenyewe haina USB 3.0 wala SATA ya gigabiti 6, na watengenezaji hawa hawakuongeza chipu ya pembeni. Matundu manne ya USB 2.0 nyuma, na plagi ya kupeleka mawili mbele. Kama kasha lako lina tundu la bluu la USB 3.0 mbele, lile plagi lake nene la pini 19 halina pa kuingia.

Kufunga kwake kunataka utulivu sehemu mbili. Ya kwanza ni soketi. Kwenye LGA1155 pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa, na ni nyembamba sana. Fungua kifuniko dukani, washa tochi ya simu na uangalie soketi kwa mshazari kutoka pande mbili: mistari ya pini inatakiwa ing'ae sawasawa. Ukiona doa linalong'aa tofauti, kuna pini imelala. Rudisha bodi hapohapo, kwa sababu ukishaondoka nayo hakuna muuzaji atakayekubali kwamba hukuilaza wewe. Prosesa ikiingia, tumbukiza kwa kufuata vijino viwili vya pembeni, usiisukume.

Ya pili ni wembamba wa bodi. Kasha lina vinguzo vya shaba vilivyopangwa kwa bodi pana; ng'oa kila kinguzo kisicho na tundu la skrubu juu yake, la sivyo kitagusa viungo vya chini ya bodi na kupiga shoti. Na kwa kuwa bodi ni fupi, ukingo wa upande wa plagi ya pini 24 unaning'inia hewani bila skrubu. Ukibonyeza plagi bodi ikiwa ndani ya kasha, inapinda kama mkate wa chapati, na viungo vya sloti za ramu vilivyo jirani huweza kupasuka kwa nyufa usizoziona. Chomeka ramu, plagi ya pini 24 na kipoza joto ukiwa mezani, kisha ingiza vyote pamoja. Plagi ya pini 4 isisahaulike. Bila hiyo feni huzunguka lakini skrini haionyeshi kitu, na ndiyo sababu ya bodi nyingi kurudishwa dukani zikiwa nzima.

Kipoza joto cha LGA1155 kina matundu yenye nafasi ya milimita 75, sawa na cha LGA1156, 1150, 1151 na 1200, hivyo cha mtumba kinapatikana kirahisi. Cha LGA775 ni milimita 72 na hakikai, hata ukikilazimisha. Grisi ya joto kiasi cha punje ya dengu katikati inatosha. Feni ya kipoza cha kompyuta za kampuni mara nyingi ina plagi ya mpangilio wake, kwa hiyo linganisha kabla ya kuchomeka.

Nyaya za mbele zimepangwa kwa utaratibu wa kawaida wa pini 9: pini 1 na 3 ni taa ya diski, 2 na 4 taa ya umeme, 5 na 7 kitufe cha kuanzisha upya, 6 na 8 kitufe cha kuwasha. Kwenye bodi yangu maandishi yamechapwa yakiwa madogo na nusu yamefunikwa na plastiki, kwa hiyo andika namba hizo pembeni.

Kwenye ramu, jihadhari na vijiti vya bei ya chini vya GB 8 vya DDR3 vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD. Kwenye prosesa za Intel haviwaki, na utadhani bodi mpya nayo ni mbovu. Viwili vya GB 4 vya kawaida vya kasi ya 1600 vinafanya kazi vizuri kwa i5-3470. Prosesa za kizazi cha pili zitavishusha hadi 1333.

SSD yangu iliyokuwa na Windows ilihamia bila kuweka upya, kwa masharti mawili. Ndani ya BIOS, hali ya SATA (namna bodi inavyowasiliana na diski, IDE au AHCI) iwe ileile iliyokuwa kwenye bodi ya zamani. Ukiacha IDE wakati ilikuwa AHCI utapata skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Na kama diski ni ya mpangilio wa zamani wa MBR, washa hali ya Legacy, yaani kuwaka kwa njia ya zamani. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta imefungwa kwenye bodi iliyokufa, kwa hiyo tarajia kudaiwa leseni upya. Ukizingatia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na kizazi cha tatu hakimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, hapa ndipo pa kufikiria Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Kwangu ilitambua sauti, mtandao na picha bila draiva yoyote ya kutafuta.

Kwenye matumizi, SSD ya SATA inagota chini ya MB 300 kwa sekunde kwa sababu ya SATA ya gigabiti 3. Kwa nyaraka, kivinjari na programu za hesabu huoni tofauti. Sloti ya M.2 ya bodi yangu inakubali NVMe (SSD za kasi kuliko za SATA) na inawasha kompyuta kutoka humo, lakini imeunganishwa kwa njia moja tu ya PCIe 2.0, hivyo diski ya bei kubwa inakimbia karibu MB 400 na si zaidi. Bodi nyingine za boksi linalofanana zina sloti ya M.2 ya SATA pekee. Uliza, na ukijibiwa kwa kusitasita chukulia ni SATA. Mtandao nao uangalie: ya kwangu ni ya megabiti 100, ingawa tangazo lilisema gigabiti. Kwa intaneti ya nyumbani si neno, kwa kuhamisha mafaili makubwa ofisini ni kero.

Mosfeti za kulisha prosesa hazina bamba la kupoza. Kwa prosesa ya wati 77 kama yangu, kipoza cha Intel kinachopuliza kuelekea chini kinazitosha. Ukitumia kipoza cha mnara kinachopuliza pembeni, elekeza feni ya kasha huko. i7-2600 ya wati 95 singeiweka hapa kwa kazi ya kutengeneza video mchana kutwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kulala. Kompyuta ikilala haiamki. Feni inazunguka, skrini giza, hadi ushike kitufe sekunde kadhaa. Nimezima usingizi kabisa kwenye mipangilio na kuacha skrini pekee izimike. Pia hakuna toleo jipya la BIOS popote, kwa kuwa hakuna kampuni ya kulidai, kwa hiyo dosari uliyonunua nayo ndiyo utakayoishi nayo.

Dukani, usikubali kuonyeshwa feni inayozunguka tu. Nenda na prosesa, ramu na kipoza chako, omba iwashwe hadi BIOS, soma kama GB zote za ramu zimeonekana kwenye sloti zote mbili, chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, na uone taa ya mtandao ikiwaka kwa waya. Kisha pima betri kabla hujafunga kasha: iliyokuja na ya kwangu ilisoma volti 2.6, na CR2032 ikichoka saa huweza kurudi nyuma kila umeme ukikatika na hali ya SATA uliyoipanga ikapotea.